Naomba ushauri: mjamzito aliyetolewa bandama na kipimo cha sukari

Habari zenu ndugu. Mke wangu ana mimba ya miezi minne. Bandama alitolewa zamani baada ya ajali. Najua mimba huilazimu kongosho kuzalisha zaidi insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu), maana homoni za kondo la nyuma huipunguzia insulini hiyo nguvu. Nimesoma kwamba bandama nayo husaidia seli za insulini, ila mengi ni majaribio ya panya, sijayaamini sana. Kinachonisumbua zaidi: mkia wa kongosho umepakana na bandama, na karatasi ya upasuaji haisemi kama mkia huo uliguswa au kukatwa. Sukari ya asubuhi kabla ya kula iko sawa. Kliniki wanasema asubiri kipimo cha kunywa glukosi, wiki ya 24 hadi 28.

Je, tuombe kipimo hicho mapema? Na ultrasaundi yaweza kuonyesha kama mkia upo?