Umebaki na Q, huna U, mfuko umeisha: tupeane uzoefu

Kigae_Tupu: Wakuu, jana nimemwona kijana kwenye meza ya Scrabble, ule mchezo wa kupanga maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, ameshikilia Q huku U zote nne zimeshatoka, na maneno mengi ya Kiingereza yenye Q hudai U. Jasho linamtiririka. Nimekumbuka mbali sana. Q ni moja tu kati ya vigae 100, ina pointi 10, na ikikufia mkononi mpinzani akamaliza vyake, anaondoka na mara mbili yake, 20. Herufi gani iliwahi kukutesa kutafuta neno la Kiingereza, na ulijinasuaje? Hata michezo ya kwenye simu inahesabika.

BabaNeema: V. Hakuna neno hata moja la herufi mbili lenye V. Nisaidieni.

Fundi_Herufi: Dawa ya Q ni QI. Q ikikaa kwenye nyumba ya herufi mara tatu, yaani kile kisanduku cha ubao kinachozidisha herufi kwa tatu, neno likasomeka kwa mlalo na kwa wima, hizo ni pointi 62. Usiibadilishe Q hata kidogo, isubirie I.

Mzee_wa_Kahawa: Msimsikilize huyo. I haiji kwa kuisubiri. Mfuko ukiwa bado na vigae saba au zaidi, irudishe Q upesi, poteza zamu, uishi kwa amani.

Binti_wa_Tanga: Jamani mmenitonesha kidonda. Nilikuwa kidato cha tatu, mashindano ya shule na shule, ukumbi umejaa, wazazi wapo. Meza ya mwisho ndiyo ilikuwa inaamua kombe, na meza ya mwisho ilikuwa yangu. Mfuko umeisha. Mkononi nina T, A, A na Q. Niko nyuma kwa pointi 11. Mpinzani wangu ana vigae viwili, na alishahisi nina Q maana kila I iliyokuwa wazi alikuwa anaiziba. Nikautazama ubao mpaka macho yakauma. Kwenye kona ya chini kulikuwa na L imekaa peke yake, hakuna anayeijali. T, A, halafu ile L, halafu A, Q. TALAQ! Pointi 14, vigae vyangu vyote vimeisha, na mara mbili ya alivyobaki navyo mwenzangu vinakuja kwangu. Nimeshinda. Mikono ilikuwa inatetemeka wakati wa kuviweka.

Yule mwenzangu akapinga neno, haki yake. Mwalimu aliyekuwa mwamuzi akafungua kamusi ndogo ya wanafunzi, ile ya kujifunzia, akapekua, akasema, “Hili ni neno la msikitini, si la Kiingereza.” Akavinyanyua vigae vyangu mwenyewe kimoja kimoja. Zamu ikahama, mwenzangu akamaliza vyake viwili, akaongezewa 26 kwa vile vilivyobaki kwangu. Tukarudi shule kimya kwenye gari, hakuna aliyenisemesha. Nilipoanza kazi nikaishika kamusi ya Collins ya Scrabble kwa mara ya kwanza. Sikuanzia A. Nilikwenda moja kwa moja T. Lipo! Nililia pale pale dukani, na mpaka leo naona nilidhulumiwa.

Chumvi_Nyingi: Dah. Pole sana dada.

Mama_Ilham: Nimesoma huku nimeshika kifua.

Mwalimu_Mstaafu: Pole binti yangu, lakini mwamuzi hakukosea. Kamusi iliyokubaliwa mezani ndiyo sheria. Kama ilikuwa ile ndogo, basi ni ile ndogo.

Fundi_Herufi: Mwalimu, heshima yako, ila kamusi ya kujifunzia si ya mashindano. Na kauli ya “neno la msikitini” haikuwa sheria, ilikuwa dharau. Collins wamepokea UGALI, MATATU, DUKA, UHURU, hata MZEE. Nayo yakatwe?

Mwalimu_Mstaafu: Sasa kama kila neno letu linaingia, mtoto atajifunza Kiingereza gani?

Fundi_Herufi: Siyo kila neno, yaliyoorodheshwa tu. Na mchezo huu hauulizi maana. Nigel Richards wa New Zealand alikuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kukizungumza Kifaransa. Alikariri orodha.

Mwalimu_Mstaafu: Kukariri bila kuelewa ndiko kulikotufikisha hapa. Sikubali.

Kijana_wa_Jighere: Wazee wangu, mwaka huohuo 2015 Wellington Jighere wa Nigeria alitwaa ubingwa wa dunia kule Perth, Australia, fainali 4-0. Mwafrika wa kwanza! Tuongelee hilo pia.

Ustadhi_Kilwa: Turudi kwenye Q. Mliosoma chuo cha Kurani mna hazina na hamjui. Kadhi ni QADI. Kibla QIBLA. Nikabu NIQAB. Fakiri FAQIR. Soko la Kiarabu SUQ. Na wakfu, WAQF, pointi 19 kabla ya chochote. Ikigusa nyumba ya neno mara tatu ni 57. Binti wa Tanga, akili yako ilikwenda mahali sahihi kabisa.

Binti_wa_Tanga: Ahsante ustadhi. Hata pale ukumbini nililiona kwa sababu ya babu yangu, alikuwa akiandika barua za watu mtaani kwetu.

Dogo_Kijani: Mimi mateso yangu ni Wordle, ule mchezo wa kwenye simu wa kubahatisha neno la herufi tano. Nafasi sita tu. Nimepata I, G, H, T, zote kijani, yaani ziko mahali pake, nikaingia LIGHT, MIGHT, NIGHT, RIGHT… nafasi zikaisha. Jibu lilikuwa FIGHT.

Mama_Ilham: Hapo usibahatishe moja moja. Ingiza FILMS, inapima F, L, M na S kwa mkupuo. Unapoteza nafasi moja, unaokoa tatu. Ila ukiwa umewasha hali ngumu, ile inayokulazimisha kutumia herufi ulizokwisha kupata, hawakuruhusu.

Mzee_wa_Kahawa: Mimi huanza na neno lililonijia usingizini. Linakubali.

BabaNeema: Mmeongea yote. V yangu?

Fundi_Herufi: BabaNeema samahani. Shika ya herufi tatu: VEX, IVY, OVA, VIA, VIE, AVO. Ukikosa irabu kabisa kuna VLY. Na V ukiipata itoe mapema, kwa sababu ukiiacha ubaoni hakuna wa kujibanza sambamba nayo kwa herufi mbili, inawafungia njia wote.

Mzee_wa_Kahawa: Au irudishe mfukoni.