Nikon D90 kwenye jua la pwani: uso mweusi, kanzu imeungua, nishike kipi?

Pwani_Kusini
Wakuu, habari za kazi. Natumia Nikon D90 na lenzi ya zumu ya milimita 18-105, kazi zangu nyingi ni harusi na picha za familia hapa Mtwara na Mikindani. Kinachonishinda ni baraza. Bwana harusi kasimama kwenye kivuli cha baraza na kanzu nyeupe, nyuma yake mchanga na bahari vinawaka jua. Kamera ikipima yenyewe kwa matrix (wastani wa fremu nzima), uso unatoka mweusi. Nikipandisha +1, yaani stopu moja (mwanga mara mbili), uso unaonekana, ila kanzu upande wa begani na bahari yote vinaungua, havirudi hata kwenye kompyuta. Napiga JPEG, hali ya A (tundu la lenzi nachagua mimi, shata inachagua kamera), f/8 (upana wa tundu; namba kubwa ni tundu dogo), ISO 200 (wepesi wa sensa kwa mwanga).

La pili: picha za nje wakati mwingine zinatofautiana bila sababu. Mbili zinafuatana, mtu yuleyule, jua lilelile, moja safi, nyingine nyeupe kama imepigwa chokaa. Bodi mpya (kamera bila lenzi) haipo kwenye bajeti mwaka huu.

Fundi_Shangani
Ndugu, D90 ni ya 2008 lakini bado inafanya kazi ya harusi vizuri tu, ilimradi usiiachie iamue yenyewe.

Anza na JPEG, iache. Piga NEF (faili ghafi la Nikon). Faili la D90 ni la biti 12, yaani viwango 4096 vya mwanga, na nusu yake, 2048, imekaa kwenye stopu moja ya juu kabisa. Sensa ikishajaa hapo hakuna kitu cha kurudisha. Upande wa giza kuna nafasi zaidi: kwa ISO 200 unaweza kuinua uso stopu moja na nusu, hata mbili, kabla chenga (punje punje za picha) hazijaanza kuchafua ngozi. Kwa hiyo pima weupe, uso utauinua baadaye kwenye kompyuta.

Weka M (shata na tundu unaweka mwenyewe), f/8, ISO 200, upimaji wa spot (sehemu ndogo tu). Spot ya D90 ni duara la milimita 3.5, kama asilimia 2.5 ya fremu, nayo inafuata nukta ya fokasi uliyoichagua. Ukiwa mbali na lenzi iko 18, duara hilo linameza kanzu na ukuta kwa pamoja na kipimo kinakuwa cha uongo. Vuta hadi 105, weka nukta kwenye bega linalopigwa na mwanga, pale ambapo mikunjo ya kitambaa bado inaonekana, kisha zungusha kasi ya shata (muda wa pazia la kamera kubaki wazi) mpaka kipimo kikae karibu na +1.7. Usivuke +2. Angalizo: kwenye D90 alama ya + iko kushoto mwa kipimo. Ukimaliza rudisha zumu unapotaka upige. Kwa f/8 kipimo hakibadiliki, lakini ukipimia f/3.5 kisha ukavuta, lenzi hii inajifunga yenyewe hadi f/5.6 na hesabu yako imeharibika.

Kwenye menyu ya kutazama picha, ingia Display mode, washa Highlights na RGB histogram (grafu ya mwanga). Kilichoungua kitapepesa. Usiamini mwangaza wa kioo cha nyuma ukiwa juani. Histogramu inatokana na JPEG iliyofichwa ndani ya NEF, kwa hiyo weka Picture Control (mtindo wa rangi na kontrasti) kwenye Neutral ili isikudanganye kwa kontrasti, na uzime Active D-Lighting (kamera kusawazisha vivuli na weupe yenyewe). Ikiwa imewashwa inashusha mfiduo (kiasi cha mwanga) kimyakimya, halafu unashangaa NEF zako zimefifia. Na usishuke kwenye Lo 1 (ngazi iliyo chini ya ISO 200) ukidhani ni ISO 100 ya kweli. ISO ya asili ya D90 ni 200. Huko chini weupe unaungua mapema zaidi.

Mwanga_Lindi
Fundi kasema kweli kuhusu kupima, lakini kwa baraza hilo kupima peke yake hakutoshi. Hesabu: mtu aliye kivulini anapata mwanga pungufu kwa stopu tatu hadi nne kuliko mchanga wa nje. Ngozi nyeusi yenyewe iko chini ya kijivu cha kipimo (wastani ambao kamera inaulenga) kwa stopu moja hivi. Ukilinda mchanga, uso umelala stopu nne au tano chini ya kijivu. Ukiinua mbili, bado mweusi; ukiinua nne, mashavu yanajaa chenga na michirizi. Punguza pengo kwanza, ndipo ushike vitufe.

Njia rahisi isiyo na gharama: mgeuze. Mweke hatua moja tu ndani ya ukingo wa kivuli, uso uelekee mchanga, na wewe simama nje ukiwa umeipa bahari mgongo. Mchanga unarusha mwanga chini ya kidevu na kwenye macho, na nyuma yake unabaki ukuta wa ndani usiowaka. Picha za Mikindani zenye milango ya zamani hutoka vizuri hivi kuliko kung'ang'ania bahari.

Kama familia inataka bahari lazima, tafuta kifuniko cheupe cha boksi la barafu la samaki, kisafishwe, msaidizi akishike juani mita moja na nusu kutoka usoni, kimelazwa kidogo ili mwanga uingie kwenye kivuli. Kinaleta stopu moja, wakati mwingine zaidi. Karatasi ya fedha inarusha mwanga mwingi, lakini inamfanya mtu afumbe macho, siipendi kwa picha za watu.

Flashi ya juu ya kamera ina mpaka ambao wengi hawauhesabu. Shata haivuki 1/200 ya sekunde ukiitumia, na kwa ISO 200 jua kali linadai f/16. Nguvu yake kwa ISO 200 ni 17 kwa mita, ukiigawa kwa namba ya f unapata umbali inaofika: 17 gawa kwa 16 ni mita moja tu na kidogo. Ukikubali bahari iwe nyeupe kwa stopu moja, f/11, unafika mita 1.5. Ukiweka flashi -1, na hivyo ndivyo inavyopendeza kwenye ngozi, unafika kama mita 2. Toa hudi ya lenzi (kofia ya kukinga jua), la sivyo kivuli chake kinatokea chini ya fremu. Flashi ya nje yenye Auto FP (inayokubali shata ya kasi zaidi ya 1/200) inakuruhusu kufungua lenzi na kupandisha shata, ya ndani haina hiyo.

Saa nayo isimamie. Kutoka Lindi mjini ukitazama Kitunda, ng'ambo ya maji, asubuhi jua linakuja usoni mwa lenzi. Kuanzia saa tisa na nusu alasiri liko nyuma yako na sehemu kubwa ya shida hii haipo. Mnamo Februari mwishoni na Oktoba ya kati na kuendelea, jua la adhuhuri huku kusini liko karibu utosini, macho yanageuka mashimo. Pangeni picha za nje mbali na saa sita.

Fundi_Shangani
Kuhusu picha zinazotofautiana: kwanza hakikisha BKT (bracketing, kupiga picha zinazofuatana kwa mwanga tofauti) haijawashwa. Ikiwashwa inabaki hivyo hata ukizima kamera, na kila picha inapata mwanga wake.

Kama siyo hiyo, nashuku visu vya lenzi (vipande vinavyofunga tundu) vimelegea au vina mafuta. Joto na unyevu wa pwani huzimaliza lenzi za umri huo. Jaribu hivi: tripodi, ukuta wa rangi moja kivulini, M, fokasi ya mkono, 18 mm. Piga f/4 kwa 1/400, f/5.6 kwa 1/200, f/8 kwa 1/100, f/11 kwa 1/50, f/16 kwa 1/25. Zote zinatakiwa zifanane. Zikizidi kuwa nyeupe kadiri unavyofunga, visu vinachelewa kufika. Vua lenzi, sogeza kijiti kidogo cha nyuma kwa kidole, kiachie: kirudi papo hapo. Kikirudi polepole, mpelekee fundi, usipulizie mafuta yoyote. Ukijaribu lenzi nyingine na tatizo likabaki, basi ni mkono wa ndani ya bodi unaosukuma kijiti hicho.

Pwani_Kusini
BKT haijawashwa. Kijiti kinarudi polepole, na visu vina mng'ao wa mafuta. Nina harusi kabla lenzi haijarudi, nitumieje?

Fundi_Shangani
Piga wazi kabisa: 18 mm, f/3.5, ISO 200, 1/4000. Hapo visu havifanyi kazi, na ndiyo kasi ya mwisho ya D90. Inatosha jua la kawaida, ila mchanga mweupe unawaka zaidi ya hapo, kwa hiyo funga filta ya ND4 ya milimita 67, inakata stopu mbili. Ukivuta hadi 105 lenzi inabaki f/5.6, tena wazi, na mwanga unapungua stopu moja na theluthi; shusha shata kulingana.

Mwanga_Lindi
Na ukipata 50 mm f/1.8D ya mkononi, ichukue kwa ajili ya ukumbini usiku. D90 ina mota ya fokasi ndani ya bodi, inaifanyia kazi bila shida. ISO 1600, f/2.2, 1/160, spot kwenye shavu, kipimo kwenye -1. Usipige ISO 400 ukitarajia kuinua nyumbani, chenga za kuinua ni mbaya kuliko za ISO.