Cheti kinasema Rukwa, pasi inasema Katavi, Standesamt wamegoma

Rehema: Ndugu zangu, hamjambo. Nimezaliwa Mpanda, 1991. Cheti kinasema Rukwa, pasi mpya inasema Katavi. Jana dada wa Standesamt, ofisi ya ndoa hapa Ujerumani, kaziweka karatasi mezani, kapiga mstari kwa penseli chini ya kila jina, kaniambia hawa ni watu wawili. Ndoa ni Septemba. Kiapo cha ubalozini wanakipokea, au nitume mtu RITA, wakala wa vyeti vya kuzaliwa huko nyumbani?

Baraka: Pole dada. Mimi wa Njombe, cheti changu kinasema Iringa. Kwenye Aufenthaltstitel, kibali cha kuishi, hawakuuliza kitu, ila kwenye ndoa wana macho makali. Sisi tulichoka, tukafungia Denmark.

Joyce: Baraka, usimpotoshe mtu. Denmark nako wanakagua vyeti, na tangu 2019 maombi yote yanapitia ofisi moja ya taifa. Rehema, cheti usikiguse, hakina kosa. Katavi, Njombe, Geita na Simiyu zimeanzishwa 2012, wewe ulishazaliwa zamani. Tafuta Tangazo la Serikali la kuanzisha Katavi, mpe mtafsiri aliyeapishwa. Halafu muulize huyo dada: waliozaliwa mji wa Chemnitz, hapahapa Ujerumani, kati ya 1953 na 1990 vyeti vyao vinasema Karl-Marx-Stadt, mbona wanaoa?

Baba Tumaini: Vijana, hata hiyo Rukwa ni ya juzi, 1974. Mpanda ilimegwa Tabora, Sumbawanga ikamegwa Mbeya. Kwetu mimi ni mzaliwa wa Tabora, mdogo wangu wa Rukwa, mjukuu wa Katavi, na wote tumezaliwa nyumba ileile. Nimekumbuka treni ya Kaliua, madumu ya asali ya Inyonga yamejazana chini ya viti, ukivua viatu unanata. Asali ya supamaketi za huku ni maji ya sukari.

Rehema: Shikamoo baba. Umenitia hamu ya nyumbani. Ila kile kiapo, kuna aliyekitumia?

Frank: Kumegamega huku ni kugawana vyeo tu. Mkoa mpya, RC (mkuu wa mkoa) mpya, RAS (katibu tawala) mpya, mashangingi mapya. Sisi tulitolewa Mbeya 2016 tukaitwa Songwe, tulichoambulia ni uwanja wa ndege.

Joyce: Uwanja wa Songwe uko mkoa wa Mbeya, Frank.

Frank: Basi hata huo hatuna!

Baba Tumaini: Frank, unasema hivyo kwa kuwa kwenu Mbeya ni pua na mdomo. Sisi shida ya mkoani ilikuwa safari ya Sumbawanga, vumbi tupu, na masika basi linalala porini mpaka litokee lori la kulivuta. Mama yangu aliwahi kwenda kufuata muhuri mmoja, akafika ofisi imefungwa, Ijumaa jioni. Wakimleta RC Mpanda na shangingi lake, mimi nampigia makofi.

Baraka: Mkiendelea hivyo Kahama nao wapewe wao, wameomba siku nyingi. Na Chato je? Ilikuwa Kagera, sasa Geita, kesho sijui.

Frank: Baba, kwa Mpanda nakubali. Lakini kwetu, mpaka uko Tunduma, malori yako Tunduma, pesa iko Tunduma, makao makuu wakapeleka Vwawa!

Joyce: Songwe inapanda mpaka Ziwa Rukwa. Mtu wa kule ashuke mpaka Tunduma kufuata muhuri? Fungua ramani kwanza.

Frank: Ramani naijua, nimezaliwa huko. Wewe wa Moshi.