Brexit imeninyang'anya haki ya kumuuguza mama yangu, msiniambie habari za foleni

Wakuu, hili limenikaa kooni muda mrefu na leo nalitoa.

Kila Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, ikitajwa, watu wanazungumzia foleni za uwanja wa ndege. Foleni nitasimama, sina ugomvi nayo. Kilichoondoka tarehe 31 Desemba 2020 ni haki yetu sisi wenye pasi ya Uingereza ya kuhamia nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya, ukapanga chumba, ukatafuta kazi, ukakaa na watu wako bila kuomba viza.

Mama yangu anaishi Rotterdam, Uholanzi, kwa mdogo wangu. Kiharusi kimempiga upande wa kulia, anahitaji mtu wa kumgeuza, kumwogesha, kumlisha. Kazi hiyohiyo ndiyo inayonipa mshahara hapa Uingereza, nahudumia wazee wa watu. Mzee wangu mwenyewe napewa siku 90 katika kila siku 180. Na msidhani ukitoka ukarudi hesabu inaanza upya! Wanaangalia siku 180 za nyuma kuanzia siku uliyosimama pale dirishani, na zile ulizopita Paris nazo zimo. Safari iliyopita afisa alihesabu mihuri yangu kwa ncha ya kalamu, ukurasa kwa ukurasa, nami nimesimama na mfuko wa nepi za mama mkononi. Tangu Oktoba 2025 wameanza kuchukua alama za vidole na picha, hesabu inafanywa na mashine.

Mwenzangu kazini ana pasi ya Ireland, nchi ambayo bado imo Umoja wa Ulaya. Zamu yetu moja, kodi tunalipa serikali moja. Yeye akitaka kuhamia Rotterdam kesho, anahama.

Halafu kuna hili la sisi Watanzania. Kwetu uraia pacha hakuna, kwa hiyo kuipata ile pasi ya Uingereza ya rangi ya damu ya mzee, iliyoandikwa Umoja wa Ulaya juu kabisa, niliacha uraia niliozaliwa nao. Ulaya ilikuwa sehemu ya sababu. Leo Dar naingia kwa viza ya dola 50, na Ulaya nimekuwa mgeni wa kuhesabiwa siku. Nani aliniuliza?

Siku chache baada ya kura ya Juni 2016, Boris Johnson, mmoja wa vinara wa kampeni ya kutoka, aliandika gazetini kwamba Waingereza wataendelea kwenda Ulaya kufanya kazi, kuishi, kusoma na kununua nyumba. Aliandika hivyo kura zikiwa zimeshahesabiwa, asilimia 52 za kutoka kwa 48 za kubaki. Ulikuwa uongo, na aliyelipia si yeye.

Na nyie ndugu zangu mliopiga kura ya kutoka, mkiaminishwa kwamba Wapoland wakizuiwa viza zitamiminika kwa watu wa Jumuiya ya Madola, najua humu mpo. Jitokezeni mnieleze mlipata nini. Na kama kuna anayejua njia halali ya mtoto kukaa na mzazi mgonjwa Uholanzi zaidi ya siku 90, aiweke hapa hadharani, si mimi peke yangu ninayeitafuta.