Fran ya kwanza, viwiko vimegoma

dada_wa_Tegeta:
Wakubwa shikamooni. Nina miezi mitatu jimu. Jumamosi tulishindanishwa Fran, zoezi la CrossFit la kukimbizana na saa: unachuchumaa na chuma mabegani, unainuka ukikisukuma juu ya kichwa mara 21, kisha unajivuta kwenye bomba mara 21. Halafu 15 na 15, 9 na 9. Wanawake wazoefu huweka kama kilo 30. Mimi niliweka 20, na kwenye bomba nikasaidiwa na mpira wa kuvutika. Kwenye zile 15 za bomba kiganja kikachanika. Nikapangusa damu kwenye bukta, nikarudi juu. Dakika 13 na sekunde 40, wa mwisho, wenzangu washavua viatu. Lakini nilimaliza jamani! Leo Jumatatu viwiko havinyooki, nachanwa nywele na mdogo wangu. Ni kawaida?

chuma_mzee:
Marahaba, hongera mwanangu. Kuuma siku ya pili ni kawaida. Ila angalia mkojo. Ukiwa kama chai ya rangi, au mikono ikivimba, usingoje kesho, nenda hospitali; misuli ikivunjika kupita kiasi inaumiza figo. Kujivuta mara 45 kwa mgeni ni nyingi, hata kwa mpira.

mama_sugu:
Viganja visugue kwa jiwe la miguu ukioga. Sugu ikinenepa ndiyo inayochanika. Mie nimejifunza kwa damu.

dada_wa_Tegeta:
Nimetoka kuchungulia, mkojo mweupe 😂 Mikono haijavimba. Kilo 25 lini sasa?

chuma_mzee:
Jichane nywele mwenyewe kwanza.