Nyie mnaofundisha keki kwa "vikombe" na "moto wa wastani", mmenitia hasara ya keki tatu

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, nitakayemkwaza tutaombana radhi siku nyingine.

Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi nyumbani, Tabata. Mke wangu anaingia zamu kazini, kwa hiyo mchana kutwa tupo mimi, cherehani na kidume changu. Jumamosi iliyopita kilitimiza miaka miwili. Bei za keki za kuagiza mnazijua. Oveni ya mezani ninayo, tangu tufunge ndoa imechoma kuku mara mbili tu. Na huko mtandaoni mnaimba kila siku: keki rahisi, dakika kumi, hata uwe na mtoto mgongoni. Nikasema haya.

"Vikombe vitatu vya unga." Kikombe gani? Hapa kwangu kuna kikombe cha maua cha wageni na kuna magi niliyopewa zawadi na mteja. Nilichukua chupa ya maji ya nusu lita nikapima. Ile chupa inajaza kikombe cha maua karibu mara tatu, magi mara moja na nusu. Yaani kimoja ni karibu nusu ya mwenzake, na vyote ni "kikombe"! Halafu hata ukipata kikombe chenyewe cha kupimia, cha mililita 250, unga ukiumimina taratibu unakupa gramu kama 120, ukishindilia unafika 150 na kupita. Kwa vikombe vitatu hiyo tofauti ni keki au ni tofali. Kijiko nacho ni hivyohivyo. "Kijiko kimoja cha beking pauda." Cha chai ni mililita 5, cha chakula 15. Mara tatu, jamani!

Mimi nashona suruali. Mteja akija hasemi "nishonee kiuno cha wastani, urefu wa kawaida". Natoa futi, naandika 34, naandika 41, ndipo nashika mkasi. Nikikata kwa kukadiria, kitambaa cha watu nitakilipa. Nyie unga wetu na mayai yetu mnavilipa lini?

Keki ya kwanza niliijaribu Jumatano. Beking pauda ilikuwa imeisha, nikauliza chini ya video moja nitumie nini badala yake. Jibu likaja fasta: "weka magadi tu mamii, ni kitu kimoja." Kwanza mimi siyo mamii, nina ndevu. Pili, siyo kitu kimoja! Beking pauda inakuja na asidi yake humohumo ndani, ikikutana na maji na moto inajiumua yenyewe. Magadi ya makande yanataka uyatafutie kitu kichachu, mtindi au limau, na hata hapo ni makali, si ya keki. Keki ilitoka rangi ya udongo wa mfinyanzi, ladha ya sabuni ya mche. Mwanangu, ambaye ninavyoandika hapa anatafuna chaki yangu ya kukatia vitambaa, aliitema.

Ya pili ndiyo iliyoniuma zaidi kwa sababu nilifuata kila kitu. "Washa oveni 350." Oveni yangu mwisho wake ni 250. Nikajua basi ni ya bei rahisi, haifiki viwango, nikazungusha hadi mwisho. Dakika ishirini juu imekuwa mkaa, imepasuka kama kisigino, nimechoma kijiti katikati kikatoka na uji. Usiku mke wangu anarudi, namsimulia, ananiangalia kwa huruma: "Baba nanihii, hiyo ni Farenhaiti." 350 ya Wamarekani ni kama 180 kwenye oveni zetu. Sasa wewe uko Dar, unaongea Kiswahili, unapikia watu wa Dar, umenakili namba ya Marekani hata kuigeuza umeshindwa? Watu walikuuliza hapohapo chini na ukawajibu "moto wa wastani tu dear".

Ya tatu, Jumamosi yenyewe. Kwenye video mtoto kavaa aproni nyeupe, amekaa juu ya kaunta anakoroga, anatabasamu. Na mimi nikamshirikisha wangu. Yai la kwanza alilitia kwenye kiatu changu. Sukari alikuwa anaila kwa kasi kuliko ninavyoipima. Nikageuka kupaka siagi kwenye trei, nikageuka tena, kimya. Mwenye mtoto wa umri huo anajua kimya maana yake nini. Nikamkuta katulia, mikono miwili myeupe hadi viwikoni, nikamnawisha, sikujiuliza zaidi. Hilo lilikuwa kosa langu, hilo nakubali.

Keki imeingia, safari hii 180, inaumuka vizuri, harufu ya iliki nyumba nzima. Giza. LUKU imeisha. (Oveni yangu imeandikwa wati 1500. Ikiwaka mfululizo saa nzima inakula uniti moja na nusu. Nani kati yenu aliwahi kulitaja hilo?) Ninunue umeme, simu sioni. Chini ya kitanda hakuna, kwenye kapu la vitambaa hakuna. Jirani akanipigia, tukasimama tunasikiliza kama wezi. Inaita ndani ya ndoo ya unga.

Umeme uliporudi keki ilikuwa imebonyea katikati kama bakuli la mboga. Mshumaa tuliuchomeka kwenye maandazi ya mama wa jirani.

Najua wapo watakaosema mbona bibi zetu hawakupima. Mama mkwe wangu anaoka kwa mkaa, moto chini na moto juu ya mfuniko, keki inatoka safi. Lakini nimemchunguza. Bilauri anayopimia ni moja, ileile, miaka nenda rudi, na mjukuu akiigusa tu anafukuzwa jikoni. Huyo anapima kuliko nyie wote.

Mizani ya jikoni nimenunua jana. Yai moja bila ganda limenipa gramu 50 na kidogo. Anayejua gramu za unga, sukari na siagi kwa trei ya duara ya inchi 8, aziweke hapa, na joto aandike kwa Selsiasi. Wa "inategemea mkono wako" apite kimya.

Nyongeza: mnaouliza simu, inawaka. Ila nikipiga watu wanasema nasikika kama niko ndani ya gunia.