Je, kuwa na cheo cha chini kazini kwaweza kumpandishia mtu presha?

Mfanyakazi wa Msimu, Malindi

Assalamu alaikum ndugu zangu. Nina umri wa miaka 46 na nafanya kazi ya kusafisha vyumba katika hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi. Ajira yangu ni ya msimu: wageni wakiwapo niko kazini, na mvua za masika zikianza naambiwa nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa. Mwezi uliopita nilipimwa presha nikakutwa na 160 kwa 100. Muuguzi alinipa dawa, akaniagiza nipunguze chumvi, kisha akaniambia nipunguze na mawazo, kana kwamba mawazo nayo hupimwa kwa kijiko.

Sivuti sigara, na siku nzima napanda na kushuka ngazi nikiwa nimebeba mashuka. Mkubwa wetu anavuta, mwili umemzidi, na hujisifu kuwa presha yake ni ya kijana. Kinachonichosha mimi si kazi yenyewe. Ratiba ya zamu za wiki hubandikwa nyuma ya mlango wa jikoni Jumamosi saa tatu za usiku, na mpaka saa hiyo sijui kama kesho nitaamka saa kumi alfajiri au nitapumzika. Harusi ya mpwa wangu nilipangiwa zamu, na hapakuwa na wa kumuuliza. Je, unyonge wa namna hii waweza kumwingia mtu mwilini hadi akaugua, au natafuta tu wa kumlaumu?

Mstaafu wa Zahanati, Lamu

Wa alaikum salaam, mwanangu. Nianze na mkubwa wenu: mtu mmoja si ushahidi, na presha haina dalili kwa wengi, kwa hiyo huenda hiyo ya ujana anaisema tu bila kupimwa. Ama swali lako, limechunguzwa kwa muda mrefu, na jibu ni kwamba hukukosea kuuliza.

Uchunguzi unaojulikana zaidi ulianza London mwaka 1967 miongoni mwa wanaume wapatao 18,000 waliokuwa watumishi wa serikali, na matokeo yake yakaja kuelezwa kwa kina na daktari Michael Marmot. Watu hawa hawakuwa mafukara: walikuwa na ajira ya kudumu, mshahara, na matibabu yaliyogharamiwa na dola. Hata hivyo, katika miaka ya mwanzo ya kufuatiliwa, walio daraja la chini kabisa, yaani matarishi na mabawabu, walikufa kwa kiwango cha takriban mara tatu ya wakubwa wa juu. La ajabu zaidi ni kwamba tofauti ilikuwa ya ngazi kwa ngazi. Aliyekuwa hatua moja tu chini ya kilele, mwenye ofisi yake na mshahara mnono, naye alikuwa na hali mbaya kidogo kuliko aliye kileleni. Walipohesabu sigara, presha na mafuta katika damu, mambo hayo yalieleza chini ya nusu ya tofauti hiyo.

Ndipo mwaka 1985 ukaanzishwa uchunguzi wa pili, uliowahusisha watumishi 10,308, wanawake wakiwamo, na hapo likajitokeza jambo linalofanana sana na ratiba yako ya nyuma ya mlango. Wale wasiokuwa na kauli juu ya kazi yao, waliopangiwa nini wafanye na lini, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi.

Mwilini mambo huenda hivi. Ukishtuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, moyo ukaenda mbio, mishipa ikabana, sukari ikapanda katika damu. Yote hayo ni neema kwa anayekimbia nyoka, kwa sababu nyoka akishapita mwili hutulia. Asiyejua kesho yake hana saa ya kutulia, usingizi wake hukatika, na mishipa isiyolegea mwaka baada ya mwaka huchakaa. Mtafiti Robert Sapolsky aliona yanayokaribiana na hayo kwa nyani wa hapa kwetu Kenya, huko Maasai Mara: pale vyeo vya nyani ndani ya kundi vilipokuwa vimetulia bila kugombaniwa, nyani wanyonge ndio waliokuwa na kotisoli nyingi. (Naomba radhi kwa kututia sote pamoja na nyani.)

Nahodha wa Dau, Lamu

Maalim, nimekusoma kwa makini, ila makarani wa London walipokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Sisi wakati wa kusi bahari ikichafuka twaweza kukaa siku nyingi bila kutia nyavu, na sijaona mvuvi aliyeugua kwa sababu amezuiwa na upepo. Kinachomla mtu ni deni. Vyombo vingi si vya wenye kuvulia. Tajiri hukukopesha nyavu na mafuta, kisha samaki humuuzia yeye kwa bei aipangayo yeye, na siku ukipata wengi ndiyo siku bei inapoanguka. Nilipomaliza kulipa mashine yangu sikuanza kupata samaki zaidi, ila mke wangu ndiye aliyeniambia kuwa nimeacha kusaga meno usiku.

Mstaafu wa Zahanati, Lamu

Nahodha, hapo hatupingani. Ufukwe ule ule, samaki wale wale, lakini bei sasa unaijadili wewe. Uhaba wa fedha una madhara yake yenyewe, na siwezi kumwambia mwenye njaa kwamba tatizo lake ni cheo. Nisemalo ni kwamba kukosa kauli ni mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Nawe mwanangu wa Malindi, usije ukaichukua habari hii ukaacha dawa. Damu iliyopanda hupasua mshipa bila kuuliza ilipandishwa na nini. Meza kila siku, hata siku unayojisikia mzima, na usisahau kurudi kupimwa.

Mshonaji wa Shela

Kaka, mimi niliwahi kufanya kazi jikoni hotelini kabla ya kununua cherehani. Ratiba yetu ilikuwa vivyo hivyo mpaka tulipokwenda watu wanne pamoja, kwa adabu, tukaomba itolewe Alhamisi. Mishahara haikuongezwa hata senti, lakini tulijua siku ya kwenda sokoni na siku ya kumpeleka mtoto kliniki.

Mfanyakazi wa Msimu, Malindi

Nawashukuru nyote. Dawa naendelea kumeza. Nimezungumza na wenzangu wawili wa ghorofa ya pili, na Jumatatu, baada ya zamu ya asubuhi, tutakwenda kwa msimamizi kuiomba hiyo Alhamisi.